Pedeli Ngumu ya Mirla

Jumapili ya magari, kwetu Calarcá, huku milimani Colombia, fataki huanza kulia kabla hata padri hajavaa. Rubiela Marulanda hakuzisubiri. Alikunywa kahawa yake amesimama, akajitupia poncho begani, akatoka uani akiwa bado na ndara, akapanda kwenye jipu lake kuukuu la Willys na kukanyaga pedeli ya mafuta injini ikiwa imezimwa. Pedeli ikazama vizuri, ikarudi vizuri. Akakanyaga tena, safari hii kwa hila, kwa ncha ya kidole gumba. Laini.

"Mnafiki mkubwa wewe," akaliambia gari.

Gari hilo linaitwa Mirla kwa sababu ni jeusi na pua yake imepakwa rangi ya njano, kama yule ndege mwenye jina hilo anayetumalizia mapapai. Ni la zamani kuliko Rubiela mwenyewe, na Rubiela ameshavuka hamsini. Limepanda milima yetu yote likiwa na magunia ya kahawa, mikungu ya ndizi, nguruwe waliofungwa miguu, walimu wa shule, bibi harusi na shela yake nje ya dirisha. Siku moja lilimbeba mama mjamzito ambaye hakuweza kusubiri mpaka lami. Mtoto yule leo ni askari wa barabarani, na akimpungia Rubiela mkono asimame, Rubiela anampungia naye na kupita. Anasema mtu uliyemwona anazaliwa hawezi kukukagua taa.

Basi, dereva kama huyo hahitaji kuambiwa na mtu gari lake linaumwa wapi. Ndiyo maana asubuhi ile alikuwa na hasira na furaha kwa pamoja. Siku aliyoitamani tangu utotoni ilikuwa imefika, na pedeli ilikuwa inamchezea shere.

Nieleze kidogo. Asubuhi ya Jumapili hiyo magari hupita barabarani yamepambwa, yamebeba vitanda, kuku, sanamu za watakatifu na bibi mzaa mama juu kabisa, na watu hupiga makofi. Lakini kilichowatoa watu majumbani ni msimamo wa alasiri. Dereva anarundika mzigo wote mkiani mpaka pua ya gari inakuwa nyepesi. Anatia moto ghafla, anaachia klachi, na pua inapanda juu. Gari linabaki linazunguka kwa magurudumu mawili ya nyuma, chuma cha mkiani kinatoa cheche kwenye lami. Likishatulia kwenye mzunguko wake, dereva anaondoa mguu kwenye mafuta, anashuka, anatembea kando ya gari lake na kuwavulia watu kofia, huku gari linazunguka taratibu bila mtu ndani. Ukiona mara moja, umekwisha. Ila mafuta yakigoma kurudi wakati dereva yuko chini, hapo hakuna onyesho tena, kuna msiba, maana kati ya gari na watoto wa watu kuna kamba ya katani tu.

Na jana yake, kwenye uwanja wa nyuma ya ghala la kahawa, Rubiela alipokuwa anafanya mazoezi, nusura yatokee hayo. Pua ya Mirla ilipopanda tu, pedeli ikawa ngumu, kana kwamba kuna mtu chini anaisukuma na kiganja. Alipoilazimisha, ikashuka kwa kishindo, na alipoondoa mguu haikurudi. Injini ikapiga kelele, gari likajirusha. Rubiela akakanyaga klachi, akazima moto, Mirla akashuka na pua yake chini kwa mshindo uliompotezea muuza arepa sinia nzima ya mikate yake ya mahindi. Kisha njia nzima ya kurudi nyumbani pedeli ikawa laini, haina habari, kama mtoto aliyekula sukari na sasa anasali.

Alipowasha injini kutoka uani, baba yake alikuwa ameshakaa barazani na bakora yake. Mzee Gildardo alikuwa amevaa kofia yake nyeupe na shati jeupe, amelifunga vifungo mpaka kooni, na joto lote lile.

"Unaenda wapi na gari la watu?" akauliza.

"La watu gani, baba? Kadi ina jina langu."

"Chuma hakisomi kadi."

"Alasiri nasimamisha. Kiti chako nimekiweka mbele kabisa, karibu na kamba. Mwenyekiti wa kamati mwenyewe anakilinda."

"Ampe padri. Mimi leo nina kazi."

"Kazi gani Jumapili?"

"Kuchambua maharage."

Mzee huyu hajawahi kuchambua maharage tangu azaliwe. Rubiela akauma mdomo, akatia gia, akaondoka kabla hajasema neno ambalo angelijutia njiani.

Tuseme ukweli, mzee alikuwa na sababu zake. Zamani yeye ndiye aliyekuwa anamsimamisha Mirla, na hakuna aliyemshinda. Alikuwa anashuka garini na sigara mdomoni, anamuamkia mkewe, anamkonyeza, anapanda tena. Kisha mwaka mmoja alishuka vibaya, gari likamgonga, nyonga ikavunjika. Tangu siku hiyo akatangaza kwamba Mirla hatasimama tena chini ya mtu wa nyumba yake. Rubiela alipojiandikisha, mzee alinuna mpaka kuku wakamkwepa. Alipoanza tena kusema, maneno yakawa ya kejeli: mguu wa mwanamke ni wa pedeli ya cherehani. Rubiela akamjibu kwamba cherehani haijawahi kumvunja mtu nyonga.

Rubiela hakutaka kombe wala bendi impigie. Alitaka mzee akae pale mbele, amwone. Hilo tu.

Gereji ya Libaniel iko mtaa wa tatu kutoka uwanja wa kanisa. Libaniel ni binamu yake, fundi mnene mwenye mikono midogo inayoingia popote, na ana tabia ya kuongea na injini kuliko na wateja. Rubiela alimkuta ameshafungua mlango na redio iko juu.

"Haya, leta mgonjwa," akasema. "Na haraka, dada, mimi pia nataka kwenda kuona wasichana juu ya magari."

"Mkeo atakuona wewe kwanza."

Libaniel akaanza kama wanavyoanza mafundi wote, na vitu vya bure. Akatoa mkeka wa sakafuni, maana mikeka mingi imewahi kuisingizia kabureta ugonjwa. Mkeka mzima, haugusi kitu. Akaibonyeza pedeli kwa mkono, akasikiliza bawaba yake. Kimya. Akafungua boneti. Kwenye magari haya ya zamani mafuta hayavutwi na waya. Pedeli inasukuma fimbo ya chuma, fimbo inageuza kiwiko kidogo kilichokaa ubavuni mwa injini, na kiwiko kinavuta fimbo ya pili inayofungua kabureta. Libaniel akaichomoa fimbo ya kwanza, akachezesha ya pili peke yake kwa kidole, kabureta ikafunguka na kujifunga bila kubisha. Akaitazama springi ya kurudishia, akaivuta, ikarudi kwa nguvu. Akatia oili kwenye kila kiungo ambacho kilikuwa tayari kina oili.

"Binamu," akasema akijifuta mikono, "gari hili ni zima kuliko mimi."

"Nilikuwa juu yake, Libaniel. Iligoma."

"Siku hizi hata mimi nikipanda ngazi nagoma."

Wakati huohuo akaingia Arnobio, dereva wa gari jekundu ambalo huchukua zawadi ya msimamo karibu kila mwaka, amekuja kuazima spana. Alimtazama Rubiela, akaitazama pedeli, akatabasamu na meno yake yote.

"Labda mguu ndio mgumu, mama. Mafuta ya mkaratusi, unapaka jioni, unavaa soksi."

"Nitakupaka wewe mdomoni, Arnobio, uache kukwaruza."

"Mimi nasema kwa mapenzi. Watu wakivunjika, nani atanishangilia?"

Libaniel akacheka, kisha akaona uso wa binamu yake akaacha. "Sikiliza," akasema, "nitakufungia springi nyingine yenye nguvu zaidi. Ikigoma kurudi, itarudi kwa lazima. Mambo kwisha."

Ilikuwa dawa rahisi, na jua lilikuwa linapanda. Rubiela karibu akubali. Kisha akashika spana mkononi, akasimama mbele ya pua ya njano ya gari lake, na kuona mahali walipokosea.

"Springi nzito itaifanya iwe ngumu zaidi," akasema taratibu. "Na kama springi ndiyo mbovu, ingekuwa mbovu hata hapa. Jana iligoma wapi? Juu. Leo inacheka wapi? Chini. Libaniel, umemwangalia akiwa amepiga magoti. Hujamwangalia akiwa amesimama."

Libaniel akaitazama dari. "Hapa ndani?" akauliza.

"Hapa ndani. Pakia!"

Sasa ndipo gereji ilipogeuka sherehe. Rubiela alitoka mlangoni akapiga mluzi wa vidole viwili, ule unaosikika ng'ambo ya bonde, na wapagazi waliokuwa wanangoja msafara mtaani wakaja mbio. Mikungu ya ndizi ikapakiwa, magunia ya kahawa yakafuata, kisha meza ya Libaniel, kisha tairi kuukuu, vyote mkiani, vimening'inia nyuma mpaka chuma kikagusa sakafu. Arnobio alisema yeye ana gari lake la kushughulikia, ila alikuwa ameshavua shati la sherehe na kulitundika msumarini. Pua ikaanza kuwa nyepesi. Wakaishika watu kila upande, wakainyanyua, mtu akaingiza magogo ya mianzi minene chini ya fremu, mawili huku, mawili kule, na Mirla akabaki amesimama katikati ya gereji, anatazama dari.

Rubiela akapanda ndani, mgongo umelala kwenye kiti kama mtu kwa daktari wa meno. Injini imezimwa. Redio imezimwa. Akaweka mguu kwenye pedeli, akakanyaga.

Ngumu!

"Ngumu!" akapiga kelele. "Libaniel, ngumu! Ngumu kama jiwe, Mungu wangu, ngumu!"

Sijawahi kuona, na sidhani nitaona tena, mtu aliyefurahia gari bovu kiasi kile. Alikuwa anapiga usukani kwa viganja, wapagazi wanapiga makofi bila kujua wanapigia nini, na bibi mmoja aliyekuwa anapita mlangoni akauliza kama Colombia imefunga goli. Libaniel mwenyewe alikuwa amesisimka, shingo nyekundu, anatafuta tochi mfukoni na tochi iko mdomoni.

"Usiilazimishe!" akasema. "Iache hapohapo. Kanyaga kidogo tu, shikilia, nione inakwama wapi."

Akapanda juu ya kreti za soda, akaingiza kichwa na mkono chini ya boneti. Walimsikia anapumua. Walimsikia anataja sehemu mojamoja, si kabureta, si springi, si fimbo ya pili.

"Kiwikoni," akasema. "Kuna kitu kimelala kwenye kiwiko. Achia pedeli. Achia! Kina kamba."

"Kamba ya nini?"

"Kamba ya... subiri." Mkono wake mdogo ukachezacheza ndani ya chuma. "Mama wa Karmeli!"

"Usiape, sema ni nini."

"Siapi! Ndiye mwenyewe."

Akatoa mkono. Vidoleni mwake ilining'inia skapulari, vile vipande viwili vya kitambaa cha kahawia na kamba yake, na chini yake medali ya chuma ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, ukingo wake umekwaruzwa unang'aa. Wote wakaelewa kwa pamoja. Ilikuwa imefungwa kwenye fimbo, juu kidogo ya kiwiko. Gari likiwa sawasawa barabarani, medali inaning'inia wima, haigusi kitu. Pua ikipanda, medali inaanguka nyuma, inaingia katikati ya kiwiko na bati la injini, na hapo inakaa kama kabari. Libaniel aliirudisha kidogo ilipokuwa, akaishikilia, akaiachia, wote wakaona inavyojilaza. Rubiela akakanyaga bila medali. Pedeli ikazama, ikarudi, juu vilevile.

"Nimeona watu wanamfunga kwenye kioo," Arnobio akasema, "kwenye usukani, kwenye rejeta, hata kwenye bomba la moshi nimeona. Gari langu lina watatu. Ila nani anamfunga Mama kwenye fimbo ya mafuta?"

Rubiela alikuwa ameshaishika skapulari mkononi, na furaha yote ilikuwa imemtoka usoni. Pembe moja ya kitambaa ilikuwa imeshonwa upya kwa uzi wa kijani, kwa sababu siku mama yake alipoishona hapakuwa na uzi mwingine ndani ya nyumba. Aliijua pembe ile tangu alipokuwa anabebwa mgongoni. Ilikuwa haitoki shingoni mwa baba yake, hata akioga. Akakumbuka shati jeupe lililofungwa mpaka kooni, na joto lote lile.

"Ya mzee," Libaniel akasema kwa sauti ya chini.

"Kakufunga," Arnobio akasema, na safari hii hakutania. "Mzee alisema hutasimamisha, na kweli kahakikisha."

Rubiela alishuka, akasema, "Mshusheni," na walipomshusha Mirla na kutoa mzigo, akawasha injini na kuondoka bila kuaga. Libaniel alibaki na spana mkononi anapiga kelele kwamba muda umekwisha, magari yanaanza kupanga foleni, huko anakwenda wapi.

Alipanda mtaa kwa gia ya pili, injini inaunguruma. Hasira zilimjaa mpaka machozi. Angeweza kuua mtu pale uwanjani. Angeweza kumuua mtoto wa mtu, na baba yake angekuwa nyumbani anachambua maharage. Alijipangia maneno, makali, moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa tamu.

Mzee Gildardo alikuwa barazani. Mbele yake palikuwa na ungo wa maharage kweli, ila aliyachanganya mabovu na mazima, anayatoa huku na kuyarudisha huku. Rubiela akamwekea skapulari juu ya ungo.

"Hii ndiyo iliyokamata pedeli yangu."

Mzee akaitazama. Akaichukua, akaipeleka karibu na macho, akaona medali ilivyokwaruzwa. Rangi yake ikabadilika.

"Ilikamata?"

"Jana. Pua ilipopanda. Mafuta yakabaki wazi. Kama ingekuwa leo, baba, pale mbele ya watu, mimi niko chini..."

"Haikugusa kitu," mzee akasema haraka. "Nilikagua. Niliichezesha pedeli kwa mkono, haikugusa kitu popote. Gari lilikuwa limesimama sawasawa." Rubiela aliona kabisa wazo linavyomfikia. "Limesimama sawasawa," akarudia, taratibu. "Mungu nisamehe. Miaka yote ile, na nimesahau pua inapanda."

"Uliifunga ili nishindwe?"

Mzee alishtuka kama aliyepigwa kofi. "Nani kasema?"

"Arnobio."

"Arnobio ni mpumbavu, na baba yake alikuwa mpumbavu. Niliifunga jana alfajiri, ulipokwenda kulisha kuku. Nilikuwa na haraka, usije ukarudi ukanikuta. Niliivaa kila nilipomsimamisha Mirla. Siku niliyoanguka kamba ilikuwa imekatika, nilikuwa nimeiacha kwa mama yako aishone. Sasa ningefanya nini? Nikae hapa, wewe uende huko peke yako, hata Bikira hayuko nawe?"

"Si ungenipa tu mkononi," Rubiela akasema. Sauti yake haikuwa tena ile aliyoipanga. "Ningeivaa. Kwa nini hukunipa mkononi?"

Mzee akachukua haragwe moja bovu, akalirudisha kwenye mazima.

"Ungejua nimekubali," akasema.

Rubiela alitaka kulia, badala yake akaanza kucheka, na alipoanza hakuweza kuacha. Alikaa chini kwenye kizingiti, anacheka, machozi yanamtiririka, na mzee anamtazama kwa hasira ya aibu.

"Unacheka nini?"

"Nakucheka wewe! Fundi mzima, bingwa mzima, unamtuma Bikira kwenye injini kwa siri kama barua ya mchumba! Na pedeli ya cherehani je?"

"Cherehani ni maneno tu. Mtu akiwa na hofu atasema nini?" Akafungua kifungo cha juu cha shati, hatimaye, akapumua. "Inama."

Rubiela akainama. Kamba ilishika kwenye nywele, mzee akaanza upya. Aliisukuma medali ndani ya blauzi mpaka ilipotulia.

"Pua ikitulia, usiwatazame watu," akasema karibu na sikio lake. "Wote hutazama watu, mimi pia nilimtazama mama yako. Utazame gurudumu la nyuma la upande wako. Likienda sawa, shuka. Lisipokwenda sawa, zima, hakuna aibu. Sasa nenda, unachelewa. Ngoja! Nipe mkono niinuke. Unadhani nitakwenda kwa miguu?"

Alasiri ilipofika, uwanja ulikuwa umejaa mpaka juu ya miti na kwenye ngazi za kanisa. Libaniel alipowaona wawili hao wanaingia, akafanya ishara ya msalaba kwa mkono wenye grisi, kisha akawaita wapagazi. Wakapakia kulekule kwenye foleni, mikungu na magunia, na safari hii Arnobio alibeba bila kuvua shati lake la sherehe. Mzee Gildardo alimpita bila kumsalimia, akamwambia tu, "Baba yako pia alikuwa hivyohivyo," akaenda kuketi kwenye kiti chake mbele kabisa, karibu na kamba.

Rubiela alivuta pumzi, akatia moto, akaachia klachi. Mlio ukatoka kwa watu wote kwa pamoja. Pua ya njano ikapanda, ikapanda, mbingu ikajaa kwenye kioo, chuma cha mkiani kikaanza kukwaruza lami na cheche zikatawanyika. Mguu wake ulikuwa kwenye pedeli, na pedeli ilikuwa laini. Alipunguza. Ikarudi, yote, mpaka mwisho, na injini ikashuka ikawa inanguruma taratibu kama paka jikoni. Mirla akazunguka mzunguko wake. Rubiela hakuwatazama watu. Alitazama gurudumu, likaenda sawa, likaenda sawa, akaweka mguu nje, akashuka.

Alikuwa chini, anatembea, na gari lake linazunguka kando yake bila mtu ndani. Kelele zilikuwa hazina mfano. Ndipo akakumbuka kwamba dereva huwavulia watu kofia, na yeye alikuwa ametoka nyumbani tangu asubuhi hana kofia. Akabaki na mkono hewani, haujui pa kwenda.

Kofia nyeupe ya mzee ikaruka juu ya kamba. Ile ambayo hajawahi kumwazima mtu, wala kuruhusu ishikwe ikiwa juu ya msumari. Ikaanguka kwenye lami mbele yake. Rubiela akaiokota, akaivaa, ilikuwa kubwa ikamfika masikioni, akaivua na kuwasalimia watu wa Calarcá, kila upande. Mirla alipomfikia, Rubiela akaingia tena ndani mbio, na alipopita mbele ya kamba alimwona baba yake amesimama bila bakora, kichwa wazi juani, amemshika mwenyekiti wa kamati begani na kumtikisa, anapiga kelele kuliko wote: "Tazama mguu huo! Tazama mguu!"